Inavuta Kushoto

Mteja wa pikipiki hakuambii inaumwa nini. Anakuja na jibu lake mfukoni na anachotaka kwako ni kukubaliwa tu. "Fundi, kabureta hiyo." Umejuaje? Kaambiwa na jirani yake, ambaye pikipiki yake mwenyewe haiwaki mpaka isukumwe. Ukimuuliza inafanyaje, inakohoa ikiwa baridi au ikishapata moto, inaishiwa nguvu mlimani au hata tambarare, anakukodolea macho kana kwamba umemuuliza siri za ukoo. Nimewavumilia watu hawa miaka nenda rudi. Lakini kinachonichefua zaidi si wao, ni mafundi wenzangu wanaowaitikia.

Chukua tairi lililoliwa upande mmoja. Fundi wa namna hiyo anafanya nini? Anafunga tairi jipya. Haulizi kwa nini la zamani limeliwa upande. Baada ya muda na lile jipya linaliwa upande uleule, naye anafunga jingine, anafuta mikono kwa kitambaa na kuendelea kujiita fundi. Mimi huwaita wauza tairi, na huwaita hivyo wakiwa wananisikia. Ndiyo maana mtaani wananiita Spana, na hawaniiti hivyo kwa mapenzi.

Asubuhi moja nilikuwa nimechuchumaa nafunga cheni ya mteja, huku mchomeleaji wa jirani anachomelea geti lake, nilipomwona shemeji yangu anapandisha mlima akisukuma pikipiki, shati limemganda mgongoni. Huyu ni mume wa mdogo wangu. Kazi yake ni kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba. Ni mtu wa kuendesha polepole mno, hata wenye baiskeli humpita, kwa hiyo nilimpachika jina la Bwana Taratibu siku ya posa na likamkaa. Nilishangaa kumwona. Yeye alikuwa akizunguka gereji zote za mji huu isipokuwa yangu, na mimi nilikuwa nikimsubiri.

"Shemeji, habari za kazi?"

"Zilikuwa nzuri. Inafanyaje?"

"Kabureta."

"Sijakuuliza jina lake. Nimekuuliza inafanyaje."

"Ikianza mlima inaishiwa nguvu. Inatoa moshi. Inakunywa mafuta sana. Leo imezima hapo chini na haijawaka tena. Na pia inavuta kushoto."

"Moshi wa rangi gani?"

"Moshi ni moshi, shemeji."

"Wa bluu, oili inaungua. Mweusi, petroli inaingia lakini hewa haitoshi. Wewe wako upi?"

"Mweusi," alisema. Kisha akaongeza, "Nadhani." Mtu anayelipwa kwa kusoma tarakimu ndogo kwenye mita zenye ukungu, moshi unaotoka nyuma yake mwenyewe hajauangalia.

Nilifungua plagi. Ilikuwa nyeusi tii, masizi makavu yanabaki vidoleni. Na ilikuwa mpya, hata maandishi yake hayajafutika. Nikainama kwenye kabureta. Skrubu zote zimeliwa vichwa na bisibisi isiyo saizi yake. Ilionekana wazi kwamba wauza tairi walishapita hapo, tena zaidi ya mmoja.

"Walipomaliza kukutengenezea, ilikuwa inaunguruma vizuri?"

"Palepale gereji, vizuri kabisa. Nikifika nyumbani inarudia."

"Walipokuwa wanaijaribu, kiti kilikuwa kimefungwa au kimetolewa?"

Mkono wa Bwana Taratibu ulienda wenyewe ukatua juu ya kiti. "Kiti hakina shida, shemeji," alisema. "Wewe angalia tu kabureta."

Mtu akikuambia usiangalie mahali, anza hapo. Niliusogeza mkono wake, nikazungusha ufunguo, nikang'oa kiti. Chini yake, umebanwa barabara kwenye mdomo wa filta ya hewa, kulikuwa na mto mdogo wa kitambaa cha maua ya zambarau, umejazwa sponji, una kamba mbili za kufungia. Injini ilikuwa inazibwa pua. Inavuta hewa haipati, inabaki na petroli tupu, plagi inajaa masizi, mlimani roho inakata. Hakuna kilichokuwa kibovu. Nikapata picha ya wale mafundi: mmoja katoa mto, kasafisha kabureta isiyo na uchafu, kasikia injini inapumua, kajipongeza, halafu karudisha mto mahali pake kwa adabu zote na kufunga kiti. Akaja wa pili akafanya vilevile. Watu wazima wenye ndevu zao.

"Huu mto wa nani?"

"Wangu."

"Wako."

"Mgongo, shemeji. Nikikaa sana."

"Na maua ya zambarau?"

"Ndiyo niliyoyakuta."

Niliugeuzageuza. Haukuwa wa dukani. Ulishonwa kwa mkono wa mtu ambaye hajui sindano, mishono inapishana, mingine mirefu mingine mifupi. Nikaunusa. Ulinuka petroli tu. Nikauweka juu ya boksi la vifaa, mahali ambapo yeye angeuona na kila anayepita angeuona pia.

Kwa upande wa injini kazi ilikuwa imekwisha. Nilisugua plagi kwa brashi ya waya, nikairudisha, nikawasha. Ikawaka kwa teke moja na moshi ukakata. Mtu mwingine angemkabidhi pikipiki yake na kumcheka hadi anapotea machoni. Lakini alisema inavuta kushoto, na mimi sijawahi kuachia chombo chenye lalamiko ambalo sijalijua.

Niliipanda, nikashuka nayo hadi chini na kurudi. Nilienda haraka, nikaenda polepole, nikalegeza mikono kwenye usukani. Haikuvuta popote. Ilinyooka.

"Haivuti," nilimwambia.

"Inavuta, shemeji. Hasa nikienda polepole."

"Ukiwa peke yako?"

Akageukia barabarani kana kwamba kuna anayemwita. Hapo nikaiweka kwenye stendi ya kati, nikaanza kuizunguka kama ninavyofanya siku zote, nyuma kwanza. Tairi la nyuma limeliwa kulia kwa katikati. Sehemu ya abiria kukanyaga, upande wa kulia, ilikuwa imekunjwa juu, tope limekaukia kwenye maungio, mpira wake bado una vipele vya kiwandani. Hakuna mguu uliowahi kukanyaga hapo. Ya kushoto mpira umelika ukawa kipara, na chuma chake kimepinda kwenda chini. Ubavuni mwa kushoto rangi imechubuliwa na visigino. Shokapu ya kushoto inatoka jasho la oili.

Sihitaji kuambiwa na mtu. Pikipiki hii inabeba abiria anayekaa upande, miguu yote miwili kushoto. Uzito unaning'inia huko, dereva anajiegemeza kulia wasianguke, na mwendo ukiwa mdogo usukani unamshinda. Ndiyo inavyovuta. Na anayekaa hivyo ni mwanamke aliyevaa gauni, anayewekewa mto wa maua asiumie makalio.

Mdogo wangu hakai upande. Mimi ndiye niliyemfundisha kupanda pikipiki: mguu huku, mguu kule, shika kiuno cha dereva. Akivaa gauni, anavaa na suruali ndani.

Niliinuka polepole. Nasema wazi kwamba nilikuwa na hasira. Mdogo wangu ni mtoto wa mwisho kwetu. Baba alipofariki mimi ndiye niliyemsimamia mpaka akaolewa, na huyu bwana wa mita nilimkubali kwa sababu moja tu, kwamba alionekana hana ujanja wa kumsumbua mtu. Wana watoto wawili. Na mama yetu anaishi kwao. Nyumba ile ikivunjika, mdogo wangu na wanawe hawana pa kwenda zaidi ya chumba changu kimoja nyuma ya gereji, na mama naye. Mama mwenyewe siku hizi ni lawama tupu. Mara mguu, mara kiuno. Viatu vyake vinaliwa kisigino cha kushoto tu, nimeshamnunulia jozi mpya, nikamwongezea na nyingine, bado analalamika. Mara ya mwisho alipokuja kunilalamikia hapa nilimwambia, "Mama, uzee hauna spea," wateja wakacheka mpaka wakajishika mbavu.

Nilichomoa plagi tena nikaitia mfukoni mwa ovaroli.

"Shemeji," alisema Bwana Taratibu, "si imeshawaka? Nirudishie plagi, tafadhali. Kuna mtu ananisubiri."

"Najua unaye."

"Nimeahidi kumpeleka mahali, na nimeshachelewa."

"Atakaa upande?"

Alinitazama, uso umemshuka. "Umejuaje?" Alivyouliza kwa unyoofu, nilitaka nimpige na mto wenyewe.

Nilimpigia simu mdogo wangu. Ana duka la fotokopi barabara ya pili, si mbali. Nilimwambia funga duka, njoo gereji, sasa hivi. Mumewe akaanza kusema, "Shemeji, hili jambo si kama unavyo—" nikamwambia anyamaze, atasema mbele ya mwenyewe. Mteja wa cheni, ambaye dakika chache kabla alikuwa na haraka ya kufa mtu, sasa alijivutia ndoo akakaa. Mchomeleaji alizima mashine yake na kuinua kinyago.

Mdogo wangu alifika anahema, wino wa mashine vidoleni. "Dada, kuna nini? Mama amepatwa na nini?"

"Mama hana kitu. Njoo uone."

Nikamwonyesha. Sikumficha chochote na wala sikupunguza sauti. Nilimshika mkono nikamzungusha pikipiki nzima. Tazama hapa kulia, hakujakanyagwa. Tazama hapa kushoto, kumekuwa kipara. Rangi imechubuliwa na nini? Visigino. Visigino vya nani? Na huu mto, nikaunyanyua juu wote wauone, huu umetolewa chini ya kiti, umefichwa kama bangi. Mumeo anasema ni wa mgongo wake. "Mtu huyu ana abiria," nilisema. "Ni wa kila mara, si wa siku moja. Chuma hakipindi kwa siku moja. Na sasa hivi anamsubiri mahali. Kakiri mwenyewe."

Mdogo wangu alimtazama mumewe. Bwana Taratibu alitikisa kichwa kidogo. "Sijasema kitu," alimwambia. "Niliahidi."

"Umesikia?" nikasema. "Ameahidi!"

"Dada, umemaliza?"

"Bado."

"Basi malizia, maana nikianza mimi hutapata nafasi."

Sikumwelewa. Nilitegemea machozi. Nilishajiandaa hata kumshika begani. Yeye akanipokonya mto, akaukung'uta masizi kwenye paja lake. "Huu mto nimeushona mimi," alisema. "Mishono mibaya, najua, usianze. Nimeushona usiku watoto wamelala, kwa kitambaa kilichobaki cha pazia la chumba cha mama."

"Wewe hukai upande."

"Mimi sikai upande."

"Basi ni nani anaye—"

"Spana," aliita mchomeleaji, akinyoosha kidole barabarani. "Yule si mama yenu?"

Alikuwa yeye. Anapanda mlima peke yake, kajitanda vizuri, kashika mkoba. Nimemwona mama akitembea maisha yangu yote, lakini sikumbuki kama niliwahi kumtazama. Sasa nilimtazama kama ninavyotazama chombo kinachoingia gereji. Kila akikanyaga mguu wa kushoto mwili mzima unaangukia huko, halafu anajivuta kurudi. Mguu haukunjuki vizuri kutoka kiunoni. Kwa mkono mmoja analisukuma paja, kwa nguvu, kila hatua. Alikuwa anasimama, anajifanya anatazama maua ya watu uani, kisha anaendelea. Mtu wa hivyo hawezi kupanua miguu akapanda pikipiki. Lazima akae upande.

Bwana Taratibu alishaondoka kumkimbilia. Sijawahi kumwona akikimbia. Alimpa mkono, si kwenye kiwiko kama watu wanavyowashika wazee, bali chini ya kwapa la kushoto, na mama akajiegemeza bila hata kumtazama, kama mtu aliyezoea.

"Mkwe wangu, nimesubiri mpaka nikasema nianze kutembea," mama alikuwa anamwambia walipofika. "Wale wa mazoezi ukichelewa wanachukua mwingine." Kisha akaona watu wamesimama. Akaona mto. Akaniona mimi. "Aa," alisema. "Umeuona."

"Mama, unakwenda wapi?"

"Hospitali. Wananinyoosha nyonga. Imesagika, wamepiga picha wakaona."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Mbona hukuniambia?"

Mama alikaa kwenye kiti kibovu cha wateja kwanza, kwa kujipindapinda, ndipo akajibu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nilikuambia, mwanangu. Nilikuja hapa hapa. Ukasema uzee hauna spea. Na huyu alikuwepo, alicheka." Alimnyooshea kidole mchomeleaji, naye akashusha kinyago haraka ingawa mashine ilikuwa imezimwa. "Nikasema basi, ya nini kuongeza kicheko. Nikamwomba mkwe."

"Mto ulikuwa unakaa juu ya kiti, peupe," mdogo wangu alisema. "Lakini wewe kila Jumapili ukija nyumbani, kabla hujasalimia mtu, unaitupia macho hiyo pikipiki na kuuliza hiki nini, hiki nani kafunga. Mama akasema ukiuona mto utataka kujua, na ukijua gereji nzima itajua. Tukauficha chini ya kiti."

Kwa hiyo hiyo ndiyo hitilafu ya injini. Imekosa hewa kwa sababu ya mto, na mto umefichwa huko kwa sababu ya mdomo wangu. Nilitafuta mtu wa kumcheka. Wale mafundi wenye ndevu hawakutosha. Nikakumbuka jozi mbili za viatu, jinsi nilivyozileta moja baada ya nyingine nikijiona binti mwema, kisigino kimeliwa kushoto nami naleta kisigino kipya. Muuza tairi. Tena mbaya kuliko wao, kwa sababu wao tairi si mama yao.

Nikashika kazi. Nilirudisha plagi. Nikatia bomba kwenye ile sehemu ya kukanyagia ya kushoto nikainyoosha, nikaikaza, nikapandisha springi za nyuma zote mbili ngazi moja ili zisizame. Nikachukua mto kwa mdogo wangu nikaufunga juu ya kiti, peupe, kamba nikazikaza mafundo mawili. Mteja wa cheni alikuwa anatazama vidole vyake.

Halafu nikachuchumaa mbele ya mama, mikono imejaa masizi nimeiweka nyuma nisimchafue. "Mama, inauma wapi hasa?"

"Muulize shemeji yako," alisema. "Yeye anajua."

Nikageuka. Bwana Taratibu alikuwa amesimama na helmeti mbili mkononi, anaona aibu kwa niaba yangu. "Akiamka asubuhi inakaza," alisema polepole, akitazama chini. "Anahitaji kama muda wa chai kuchemka hivi, akitembea chumbani, ndipo inalegea. Tambarare hana shida sana. Kwenye kupanda inachoma, kuanzia kwenye kinena mbele, si nyuma kwenye kiuno kama watu wanavyodhani, inashuka mpaka gotini kwa ndani. Akikaa muda mrefu akiinuka inashika. Kwenye matuta inamuuma zaidi kuliko kwenye mashimo, ndiyo maana naendesha polepole. Na akisema haiumi, angalia mkono wake wa kulia. Kama umekunja ngumi, inauma."

Katika gereji hii sijawahi kupata mteja aliyeeleza vizuri hivyo.

Nilitazama mkono wa kulia wa mama. Ulikuwa umekunja ngumi, umetulia juu ya mkoba.

Mkwewe alimwinua, akamgeuza mgongo kwenye pikipiki, akamsaidia kujipandisha juu ya ule mto wa zambarau, akamvalisha helmeti na kumfungia kamba kidevuni. Mama akaweka miguu yote miwili kushoto. Pikipiki ikawaka, moshi hakuna. Waliondoka kwa mwendo ule wa kuchukiza wa Bwana Taratibu, yeye kajiegemeza kulia, na ilikuwa kweli kabisa alivyosema: ilikuwa inavuta kushoto.